Kompyuta Inapogoma Kupokea Mfumo Endeshi: Namna ya Kukifikia Kifaa Chenye Hitilafu

Kompyuta iliyotumika miaka mitatu kwa kuandika barua na kutunza picha inaweza kuonekana nzima kabisa, kisha siku inapopigwa windo upya, kama tunavyosema mitaani huku Mbeya tukimaanisha kusakinisha upya mfumo endeshi kama Windows, ikakwama kwenye asilimia 38 na kukataa kusonga. Mwenye mashine huamini kwamba fundi ameiharibu, na fundi naye hulaumu flashi, ilhali mara nyingi hitilafu ilikuwamo ndani ya mashine kwa miezi mingi bila kuonekana. Kusakinisha mfumo endeshi ni kazi nzito kuliko kazi za kila siku: maelfu ya faili husomwa kutoka kwenye flashi, hufunguliwa ndani ya RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), huandikwa kwenye diski, na muda wote huo prosesa (ubongo wa mashine) hufanya kazi kwa nguvu. Sehemu mbovu ya RAM ambayo haikuwa imeguswa, eneo la diski lililokufa, feni iliyozibwa na vumbi na saplai ya umeme iliyochoka, vyote hujitokeza saa hiyo.

Kwa hiyo ujumbe wa kosa unaotaja jina la faili haumaanishi kwamba faili hilo ndilo bovu. Faili limepita njia yenye vituo vinne, yaani flashi, RAM, diski na umeme unaovilisha vyote, na kazi ya fundi ni kujua liliharibikia kituo gani. Anayerudia kusakinisha mara tano akitumaini kwamba mara ya sita itakubali hupoteza muda, na mbaya zaidi, anaweza kuimaliza diski ambayo ilikuwa bado inaweza kuokolewa data zake.

Kabla ya kufungua kasha

Mwalimu mmoja kutoka Chunya aliwahi kuniletea mashine ya mezani akasema hakuna cha maana ndani yake, niweke tu windo mpya. Nilimwomba, "Shikamoo mwalimu, naomba tuiwashe kwanza kwa flashi tuone kilichomo." Tulikuta alama za wanafunzi wake za miaka sita, ambazo yeye aliamini amekwisha kuzihamishia kwenye flashi nyingine. Tangu siku hiyo siulizi tena kama kuna cha maana. Huiwasha mashine kwa mfumo wa Linux unaoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, tukaangalia pamoja na mwenyewe, kisha tukatoa nakala kabla ya hatua nyingine yoyote. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kulinda data, hakikisha mwenye mashine anayo namba ya kuifungulia yenye tarakimu 48 kabla hujagusa mpangilio wowote wa TPM (chipu ya usalama) au Secure Boot (ukaguzi wa saini ya programu ya kuwashia), kwa sababu mabadiliko hayo yanaweza kuifanya mashine idai namba hiyo, na asiyekuwa nayo amepoteza kila kitu.

Kuhusu hali ya hewa, nyanda hizi zina mambo mawili ambayo miongozo ya kigeni haiyataji. Mashine iliyosafiri usiku kwenye basi kutoka Makete au Njombe mwezi Juni hufika ikiwa baridi kama chuma cha nje, na ikiingizwa kwenye chumba chenye joto na watu wengi, unyevu wa hewa hujikusanya juu ya saketi zake. Iache saa mbili bila kuichomeka kwenye umeme. La pili ni umeme tuli: katika miezi ya kiangazi hewa ni kavu, na sisi sote tumevaa masweta ya sufu au nailoni yanayouzalisha kila tunaposogea. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe, na gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika RAM.

Halafu chukua daftari. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio na uandike kilichotokea. Fundi anayebadilisha RAM, kebo na flashi kwa wakati mmoja anaweza kufaulu, lakini hatajua ni kipi kilikuwa kibovu, na kifaa hicho kibovu kitarudi kwenye droo yake kusubiri mteja mwingine.

Mashine haiwaki kutoka kwenye flashi

Anza na lililo jepesi. Hamisha flashi kwenye tundu la nyuma ya kasha, lililo moja kwa moja kwenye mazabodi (bodi kuu ya saketi), kwa kuwa matundu ya mbele hupitia waya ambao mara nyingi umelegea. Kisha fungua menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia, ambayo hupatikana kwa F12 kwenye mashine nyingi za Dell na Lenovo, na F9 kwenye nyingi za HP. Flashi ikionekana hapo lakini ikakataa kuendelea, tatizo huenda ni kwamba imeandaliwa kwa UEFI (programu ya kisasa ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) ilhali mashine imewekwa kwenye hali ya zamani ya BIOS, au kinyume chake. Secure Boot nayo hukataa flashi ambayo programu yake ya kuwashia haina saini inayotambuliwa.

Kama flashi haionekani kabisa, ijaribu kwenye mashine nyingine kabla ya kulaumu hii. Hapa ndipo ninapotaka msomaji awe mwangalifu, kwa sababu flashi feki zimejaa masokoni. Flashi iliyoandikwa 64 GB inaweza kuwa na uwezo halisi wa 8 GB tu. Kidhibiti chake kimepangwa kuidanganya kompyuta, na data inayozidi uwezo halisi huandikwa juu ya nyingine au hutupwa bila taarifa yoyote. Usakinishaji huanza vizuri, maana faili za mwanzo zimo kwenye sehemu ya kweli, kisha hukata katikati kana kwamba diski ya mashine ni mbovu. Kila flashi mpya ninayonunua naipima kwanza kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, programu ambazo huijaza flashi yote kisha huisoma upya na kulinganisha. Upimaji huo huchukua muda, na ninaamini hakuna fundi anayepaswa kuukwepa.

Faili la ISO, yaani lile la mfumo endeshi linalopakuliwa ili kuandaa flashi, nalo lipimwe. Wengi wetu hulipakua kwa bando la simu, usiku, mtandao ukikatika mara kadhaa, na faili lenye gigabaiti tano linaweza kufika likiwa na kasoro. Kwenye Windows, amri ya `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256 hutoa mfululizo wa herufi na tarakimu ambao unapaswa kufanana, herufi kwa herufi, na ule uliochapishwa na watengenezaji. Tofauti ya herufi moja inatosha kulitupa faili hilo. Kumbuka pia kwamba flashi yenye muundo wa FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalofikia 4 GB, na faili kuu la Windows za sasa, liitwalo install.wim, kwa kawaida huzidi kiwango hicho. Tumia programu kama Rufus inayolishughulikia jambo hilo, wala usinakili faili kwa mkono.

Usakinishaji unaanza, kisha unakata katikati

Hii ndiyo dalili inayoleta wateja wengi na inayochanganya mafundi wengi. Windows huweza kutoa msimbo 0x80070570, unaosema kwamba faili limeharibika au halisomeki, au 0x8007025D, unaohusu kushindwa kusoma au kuandika faili zinazohitajika. Linux hulalamika kuhusu SQUASHFS (faili lake kuu lililobanwa) au hutoa mistari mingi yenye maneno I/O error (kosa la kusoma au kuandika). Wakati mwingine huja skrini ya bluu yenye MEMORY_MANAGEMENT.

Kabla ya kubadilisha kifaa chochote, rudia usakinishaji mara moja zaidi bila kugeuza kitu, na uandike umekwama wapi. Jaribio hili halina gharama na lina thamani kubwa. Ukikwama mahali palepale, kwenye faili lilelile, shaka ya kwanza iende kwenye flashi, ISO au eneo bovu la diski, kwa sababu vitu hivyo havihami. Ukikwama kwenye asilimia 12 mara ya kwanza, 61 mara ya pili, na kwenye skrini ya bluu mara ya tatu, basi shaka iende kwenye RAM, joto au umeme, ambavyo huharibu chochote kinachopita wakati huo. Kanuni hii si sheria isiyovunjika, lakini imeniokolea siku nyingi za kazi.

Tuseme dalili zimeelekea kwenye RAM. Ondoa vijiti vyote uache kimoja, kwenye nafasi ambayo kitabu cha mazabodi kinaitaja kuwa ya kwanza, kisha jaribu. Badilisha kijiti, jaribu tena. Halafu chukua kijiti kilichofaulu ukipeleke kwenye nafasi nyingine, kwa kuwa mara nyingine kijiti ni kizima na nafasi ndiyo mbovu. Mashine zinazotoka Tukuyu na maeneo mengine ya Rungwe yenye mvua karibu mwaka mzima hufika na meno ya RAM yaliyofifia au kuwa na madoa ya kijani. Kuyasugua taratibu kwa raba ya penseli, kisha kuyafuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo na kuyaacha yakauke kabisa, kumewahi kuponya mashine ambazo wenyewe walikuwa wameshaambiwa wanunue mazabodi mpya. Vijiti viwili vya watengenezaji tofauti na kasi tofauti navyo huweza kugombana hata kama kila kimoja ni kizima, na iwapo mazabodi imewekewa kasi ya juu ya RAM kwa mpangilio wa XMP, irudishe kwenye kasi ya kawaida wakati wa upimaji.

Uthibitisho wa kweli hutolewa na Memtest86+, programu ya kupima RAM. Toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, na yaliyofuata huwaka kwenye mashine za UEFI, tofauti na matoleo ya zamani yaliyotegemea BIOS pekee. Huenda ukalazimika kuizima Secure Boot kwanza. Kwa mashine ya 8 GB, mzunguko mmoja unaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na mimi hupendelea kuiacha ikipima usiku kucha. Idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Kuna wanaosema kosa moja si neno, lakini kosa hilo moja likiangukia kwenye faili la mfumo linapoandikwa, mteja atarudi baada ya wiki mbili na tatizo ambalo hakuna atakayeweza kulieleza.

Kama RAM imepita mtihani, geukia diski. Iwashe mashine kwa Ubuntu kutoka kwenye flashi, ufungue programu ya Disks, au uandike `sudo smartctl -a /dev/sda` ikiwa umeweka smartmontools, kisha usome kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe, ziitwazo SMART. Kwa diski za SATA (aina ya kiunganishi cha diski) namba nne zinatosha. Namba 5 huhesabu sekta zilizokufa ambazo zimeshabadilishwa kwa akiba. Namba 197 huhesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inasubiri kuamua hatima yake. Namba 198 ni zile zilizoshindikana wakati diski ilipojipima. Thamani ghafi ya 197 ikiwa juu ya sifuri wakati usakinishaji unakwama palepale kila mara, nimeshapata jibu, na ushauri wangu kwa mwenye mashine ni kununua SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) badala ya kuendelea kuipooza diski hiyo. Diski ya sahani inayotoa mlio wa kugonga tik-tik ikianza kusoma isipewe hata jaribio moja zaidi kabla data hazijatolewa.

Namba ya nne ni 199, nayo hufafanua jambo ambalo wengi hulikosea. Yenyewe huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi. Ikipanda kutoka 14 hadi 60 wakati wa usakinishaji mmoja, diski huenda haina kosa lolote. Kebo ya SATA imechakaa au imelegea. Nimeona watu wakinunua diski mpya kwa fedha za ada ya mtoto, wakaifunga kwa kebo ileile, na tatizo likabaki. Hesabu ya namba hii hairudi nyuma, kwa hiyo baada ya kubadilisha kebo kinachotazamwa ni kama imeacha kupanda.

Programu ya usakinishaji haioni diski yoyote

Ingia kwanza kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine (huitwa hivyo hata kwenye UEFI), uangalie kama diski inaonekana humo. Kama hata BIOS haiioni, tatizo ni la vifaa: waya wa umeme wa diski, kebo ya data, tundu la SATA lililozimwa, au diski yenyewe. SSD bapa za M.2 zina mtego wake, kwa sababu ziko zinazotumia SATA na ziko zinazotumia NVMe (njia nyingine ya mawasiliano, yenye kasi zaidi), zinafanana kwa umbo, na si kila nafasi ya M.2 inazikubali zote mbili. Soma kitabu cha mazabodi kabla ya kununua, maana hili haliwezi kurekebishwa kwa programu.

BIOS ikiiona lakini Windows isiione, hasa kwenye kompyuta mpakato zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, sababu ya kawaida ni kwamba diski inasimamiwa na teknolojia ya Intel iitwayo VMD na flashi ya Windows haina draiva yake, yaani programu ya kuiendesha. Pakua draiva hiyo kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine, ifungue, iweke kwenye flashi, na uipakie kwa kitufe kinachotolewa kwenye ukurasa wa kuchagua diski. Njia nyingine ni kuizima VMD au kubadilisha RAID kuwa AHCI (namna mbili za mashine kuwasiliana na diski) ndani ya BIOS, lakini ifanyike tu ikiwa hakuna mfumo wa zamani unaohitajika, kwa kuwa Windows iliyosakinishwa kwenye hali moja, mara nyingi hushindwa kuwaka kwenye hali nyingine na hutoa kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Diski inaweza pia kuonekana lakini ikakataliwa kwa ujumbe unaotaja GPT au MBR, aina mbili za ramani ya sehemu za diski. Mashine iliyowashwa kwa UEFI hudai GPT ili kusakinisha Windows, na iliyowashwa kwa hali ya zamani hudai MBR, ambayo nayo haiwezi kutumia nafasi inayozidi 2 TB. Bonyeza Shift na F10 upate dirisha la amri, ufungue diskpart, uchague diski, uandike `clean` kisha `convert gpt`. Amri ya `clean` hufuta ramani yote ya diski bila kuuliza mara ya pili. Hesabu diski zilizomo, linganisha ukubwa wake, na chomoa kabisa ile isiyohusika.

Mashine inajizima au kujiwasha upya yenyewe

Watu wa huku hupenda kusema kwamba Mbeya ina baridi, hivyo kompyuta haiwezi kupata joto. Baridi ya chumba husaidia, lakini haipiti kwenye pamba la vumbi. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu kidogo. Tukiongeza vumbi la barabara za Chunya au unga wa mbao wa Mafinga, ambako misitu ya Sao Hill imezungukwa na viwanda vya kupasua mbao, hitsinki (mapezi ya chuma ya kupoza prosesa) hugeuka kuwa tofali. Unga wa mbao ndio mbaya kuliko yote niliyokutana nayo, kwa sababu hushikana na unyevu na kuwa kama ubao mwembamba kati ya feni na mapezi ya chuma. Safisha kwa brashi laini huku ukiizuia feni isizunguke, ondoa pasta ya joto iliyokauka juu ya prosesa, na upake mpya kiasi cha punje ya mchele.

Ili kutofautisha joto na umeme, tazama saa. Mashine inayozidiwa na joto hudumu, kwa mfano, dakika kumi na tano mara ya kwanza, kisha ukiiwasha papo hapo hudumu dakika nne, na ukiiacha ipoe saa nzima hurudia zile kumi na tano. Mashine yenye saplai mbovu haina mpangilio huo: huzima pale mzigo unapopanda ghafla, ikiwa ya moto au ya baridi. Prosesa nyingi za Intel hujilinda zinapokaribia nyuzijoto 100 kwa kupunguza kasi, na joto likizidi kupanda mashine hujizima, hivyo usakinishaji unaozidi kuwa mzito na kuchukua saa tatu nao ni dalili ya joto.

Kwa upande wa saplai, pima kwa multimita wakati mashine ikifanya kazi: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa karibu na 3.3. Usomaji mzuri haumaanishi kwamba saplai ni nzima, kwani mshuko wa sekunde moja hauonekani kwenye multimita ya kawaida, lakini usomaji mbaya unatosha kuihukumu. Usiifungue saplai yenyewe, hata kama imechomolewa, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji ya kuumiza. Kwenye mazabodi tazama kapasita zilizovimba kichwani au zilizovuja.

Umeme wa ukutani nao upimwe. Tunapaswa kupata volti 230, na kushuka kwake jioni, watu wanapopika na kupasha maji, kunaweza kuiangusha saplai iliyochoka. Vijijini Ludewa na Makete, ambako wengi hutumia sola, kuna inveta za bei nafuu zisizotoa mawimbi laini, na baadhi ya saplai za kisasa haziivani nazo. Kamwe usisakinishe mfumo endeshi bila UPS (kifaa cha akiba ya umeme) kwa mashine ya mezani, au bila betri yenye chaji kwa mpakato, hasa kati ya Novemba na Aprili wakati wa mvua na radi. Radi ikianza, chomoa na usubiri.

Imemaliza, lakini haiwaki

Kama mashine inarudia usakinishaji tangu mwanzo kila inapojiwasha, flashi bado imechomekwa na inatangulia diski. Ichomoe baada ya kuwaka upya kwa mara ya kwanza.

Hali inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni ile ya mashine inayowaka vizuri kwa fundi, kisha ikifika nyumbani hudai kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Mashine za mezani zilizotumika, zinazoletwa kutoka nje zikiwa na umri wa miaka kumi, mara nyingi zina betri ya saa iliyokufa. Betri hiyo, CR2032 ya volti 3, ndiyo inayotunza saa, na kwenye mazabodi nyingi hutunza pia mpangilio wa BIOS umeme unapokatika. Fundi ameweka UEFI na AHCI, akasakinisha, akafurahi; mashine ikachomolewa, ikasafirishwa hadi Ilula au Tunduma, na mpangilio wote ukarudi ulivyotoka kiwandani, pengine kwenye hali ya zamani ya BIOS ambayo haiwezi kuwasha diski ya GPT. Mfumo ni mzima, diski ni nzima, lakini havionani. Dalili ya kuitambua mapema ni tarehe iliyorudi miaka mingi nyuma, ambayo pia husababisha tovuti nyingi kukataa kufunguka kwa sababu ya vyeti vya usalama. Ibadilishe betri kabla ya kusakinisha, si baada ya mteja kulalamika, na uthibitishe kwa kuchomoa waya wa umeme dakika kumi kisha kuangalia kama tarehe imebaki.

Windows 11 inakataa mashine

Hapa mara nyingi hakuna kilichoharibika. Windows 11 inahitaji TPM 2.0, mashine yenye uwezo wa Secure Boot, RAM ya 4 GB, diski ya 64 GB, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi isipokuwa chache. TPM mara nyingi imo lakini imezimwa. Itafute kwenye BIOS kwa jina la PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Ziko njia za kuukwepa ukaguzi huo, ila kuanzia toleo la 24H2 prosesa zisizo na amri za SSE4.2 na POPCNT haziwaki kabisa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa mashine ya kizazi cha 3 au cha 4 yenye RAM ya 4 GB, mimi humshauri mwenyewe achukue Linux Mint pamoja na SSD.

Skrini nyeusi, kibodi iliyokufa, Wi-Fi isiyoonekana

Skrini ikiwa nyeusi baada ya menyu ya kwanza ya Linux, ongeza neno `nomodeset` kwenye mstari wa kuwashia. Ikiwa kuna kadi ya grafiki ya ziada, ichomoe na utumie tundu la picha lililo kwenye mazabodi, kama prosesa ina grafiki yake. Kibodi au mausi ikikwama, ihamishie kwenye tundu jeusi la USB 2.0. Paneli ya kugusa ya mpakato isipofanya kazi ndani ya usakinishaji, chomeka mausi ya waya, kwani kwa kawaida inangoja draiva tu. Wi-Fi ikikosekana, unganisha simu kwa kebo ya USB na uwashe ushirikishaji wa intaneti, na mashine itaupata mtandao kama kwa waya.

Kabla ya kumkabidhi mwenyewe

Usakinishaji ukikamilika, soma tena SMART na ulinganishe namba 5, 197 na 199 na zile ulizoandika mwanzo. Iwashe na kuizima mashine mara tatu, moja ikiwa baada ya kuchomoa waya kabisa. Iendeshe saa mbili ikicheza video huku ikinakili faili kubwa, ukitazama joto. Kisha andika kwenye kipande cha karatasi ya gundi tarehe, kifaa kilichobadilishwa na hali ya BIOS iliyotumika, UEFI au ya zamani, ukibandike ndani ya mfuniko wa kasha, ili fundi atakayeifungua mwakani, awe wewe au mwingine, aanzie hapo ulipoishia.